Saa Nane ya Madamu Anneke

Mchana ule siusahau, mwanangu. Hata leo mawingu yakitanda juu ya Rwenzori naukumbuka. Nimeambiwa Jumatatu unaanza kazi kwa wale Waholanzi wa vanila, basi keti kidogo. Mama yako ameshakufungia begi, lakini hili hawezi kukufungia.

Nilikuwa kijana, msimamizi wa uani kwenye kampuni ndogo ya kahawa hapa Bwera. Mwenye kampuni alikuwa mwanamke wa Kiholanzi, Madamu Anneke, mtu wa mwendo wa haraka na Kiswahili cha kitabuni. Pasaka yangu ya kwanza pale ilipokaribia alitutangazia sikukuu za kwao, nami nikiwatafsiria wafanyakazi kwa lugha ya hapa. Pasaka yao ina siku mbili. Kisha inakuja siku ya kuzaliwa mfalme, ambaye miaka ile alikuwa bado mpya kitini: watu wanavaa rangi ya chungwa tangu kofia mpaka soksi, wanatandika vitu vyao vya zamani barabarani wauze, ungedhani soko la Mpondwe limehamia Ulaya. Sisi alitugawia soda za machungwa, tukacheka sana.

Wiki iliyofuata nikakuta ameandika ubaoni kwa chaki: "Leo saa nane, kimya dakika mbili. Kazi zote zisimame." Mwenyewe alikuwa ameshaondoka kwenda forodhani Mpondwe.

Ningeweza kumpigia simu nikauliza: saa nane ipi, na kimya cha nini? Sikuuliza. Nilikuwa nimejitangaza kwamba mambo ya wazungu nayajua kuliko wote, na kichwa kilikuwa kimenivimba hivi.

Ilipokaribia saa nane mchana, mvua ikaanza kuteremka kutoka mlimani. Kahawa yote ilikuwa wazi kwenye vitanda vya kukaushia, maturubai yamekunjwa pembeni. Wanawake wakayakimbilia. Nikapuliza filimbi.

"Simama! Hakuna kusogea! Ni saa nane!"

Sauti hiyo niliiazima kwa askari wa kizuizi cha barabarani. Watu wote wakaganda. Tone la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. Walinitazama mimi, wakatazama kahawa, wakanitazama tena. Lakini ningerudi nyuma vipi mbele yao? Nikakodolea macho saa yangu.

Aliyevunja kimya ni Mama Kavira. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, upande wa Beni, umri wa mama yangu, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu watatu. Alichomoka, akashika turubai, akaanza kulivuta peke yake.

"We mama! Rudi mahali pako!"

Hakurudi.

"Basi chukua begi lako. Kesho usikanyage hapa!"

Nililisema hilo, mwanangu, kwa mdomo huu huu.

Dakika zilipoisha, wenzake walimkimbilia, lakini nusu ya vitanda ilikuwa imeshalowa. Hapo gari la Madamu likaingia. Akashuka, akatazama kahawa, akatazama watu walivyolowana, akamwona Mama Kavira getini, begi kichwani, analia.

"Nani amesimamisha kazi?"

"Ni ubao, Madamu. Umeandika saa nane."

Akautazama ubao. Nikamwona anahesabu kwa vidole, kisha uso ukamwiva. Nane yake ilikuwa ile ya kizungu, yaani saa mbili yetu ya usiku. "Kosa langu," akasema. Nikashusha pumzi. Kisha akauliza, "Na huyu mama analia nini?"

Nikanyamaza. Hicho ndicho kilikuwa kimya changu cha kweli siku ile, na kilikuwa cha woga.

Mama Kavira akajibu mwenyewe, tena alinijibu mimi, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambako msimamizi huitwa shefu. "Shefu, muzungu aliandika kimya, hakuandika bujinga. Hii kimya iko ya nani?"

Nikamgeukia Madamu. Madamu akaeleza polepole kwamba ni ya watu wao waliokufa vitani; leo wanawaomboleza, bendera zinashushwa nusu mlingoti, na kesho yake ndiyo furaha ya nchi yao kukombolewa vitani.

"Basi mimi niko nafanya hiyo kila siku," Mama Kavira akasema. "Batoto yangu babili balikufa mu vita. Nabakumbuka, na mikono iko mu kahawa. Ungeniuliza, Shefu, ningekufundisha."

Loo, aibu ile! Nilimwendea getini, nikamtua begi, nikapiga goti kwenye matope mbele ya wote. Saa mbili ilipofika, wengi tulikuwa bado uani, na Madamu akamwomba Mama Kavira asimame mbele. Kabla ya kunyamaza mama huyo akataja majina mawili, ya wanawe. Yote mawili ninayo mpaka leo.

Mwanangu, utapewa orodha ya sikukuu zao. Usiipokee kama amri ya jeshi. Uliza ni saa ipi, uliza siku hiyo wanamlilia nani au wanamshangilia nani, hata wenzako wakikuona mshamba. Na yule utakayemsimamia, muulize na yeye kabla hujampulizia filimbi, maana huenda siku hiyo anaijua kuliko wewe na mzungu wako.

Haya, nenda. Mungu akutangulie njiani, akupe masikio ya kusikia, na asiwepo mama wa mtu atakayetoka getini kwako na begi kichwani, analia.