Mito Mitatu ya Batuli

Kosa la Batuli lilikuwa moja tu, nalo mtaa mzima ulikuwa nalo mdomoni: alikuwa mnene. Zamani unene huohuo ulimpa heshima. Alikuwa mpishi wa harusi, Tabora nzima inamgombania, na mumewe Lukumani, fundi bati, alipita sokoni kifua mbele kwa kuwa mkewe alijaza mlango. Na mpishi gani asiyeonja? Alionja pilau tangu alfajiri, akaonja mchuzi, jioni akarudi nyumbani na sinia lake. Hakuna aliyemwambia apunguze. Walimwambia amenawiri.

Halafu likaja Azimio la Arusha, zikaja nyimbo za kupe na wanyonyaji, na walewale waliolamba vidole mbele ya masufuria yake wakaanza kumtazama tumbo. Ulipoingia mwaka wa sabini na nne mvua ikagoma, ikatangazwa kwamba kilimo sasa ni cha kufa na kupona, na kila nyumba kumi zikapewa shamba lao nje ya mji, kando ya barabara ya Nzega. Asiyelima, jina lake linafutwa kwenye orodha ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Orodha ilikuwa mikononi mwa Abasi, balozi wa nyumba kumi, na Abasi alikuwa na lake jambo. Siku ya harusi ya mwanawe aliingia jikoni kufunua sufuria kabla ya wakati, Batuli akamtoa kwa mwiko mbele ya wakwe zake. Miaka sita mtu mzima anatunza kinyongo cha mwiko, jamani!

Shambani Batuli alimaliza tuta moja, la pili likamshinda. Pumzi ilimkatika, na miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia. Abasi alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba shibe ya jasho la wenziwe ndiyo inayomlemea.

Akaenda hospitali, Kitete. Daktari, kijana mmoja aitwaye Anselm, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampiga picha, akamuuliza analalaje. Batuli akajibu kwa aibu kwamba halali bila mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Daktari hakucheka.

“Mwili mkubwa unadai damu nyingi, mama,” alimwambia. “Miaka yote hii moyo wako ndio umekuwa ukiubeba mzigo huo, na sasa umechoka.”

Batuli akamkumbuka babu yake, mpagazi aliyebeba pembe hadi Bagamoyo, ambaye bega lake lilifanya nundu ngumu kwa mizigo. Akauliza kama moyo nao hufanya hivyo. Ndivyo, daktari akasema, ukuta wa moyo umenenepa kwa kazi na vyumba vyake vimetanuka. Ubaya ni kwamba moyo ulionenepa hukakamaa. Haulegei vya kutosha kupokea damu, damu inapanga foleni nyuma yake, na maji yanavuja kwenye miguu na mapafu. Akilala chali, yale ya mapafuni yanatandaa. Akampa vidonge vya kutoa maji, akamwambia apunguze mafuta, chumvi na ule mlo wa kuonja, asiguse jembe mpaka amwambie. Akamwandikia cheti.

Abasi alikisoma cheti hicho mbele ya mkutano huku akivuta maneno kwa kejeli. Na aliyesimama kumuunga mkono hakuwa mtu baki. Alikuwa Sikuzani, wifi yake Batuli, aliyekula kwenye nyumba ile tangu hajaota meno ya utu uzima. Akasema mgonjwa wao huyo analalia mito mitatu kama bibi wa mkoloni, na watoto wa chekechea wanakaa kwenye sakafu tupu. Watu wakaguna. Abasi akakata shauri papo hapo: cheti kimenunuliwa kwa pilau, mito iende chekechea, na kesho Batuli aje shambani, la sivyo yanafutwa majina yote ya nyumba yake, pamoja na watoto wanne. Lukumani aliinama akachokonoa kucha. Mwanaume mzima!

Usiku ule, mito imekwisha kuchukuliwa, Batuli alilala ameketi, mgongo ukutani. Asubuhi alikwenda shambani mikono mitupu, akitua kila baada ya hatua kumi, na alikuwa na hasira kuliko alivyokuwa mgonjwa.

“Mnasema najidai na mito,” aliwaambia. “Basi nalala hapa bila mto. Simameni mtazame.”

Akajilaza chali juu ya tuta.

Kwanza walicheka. Kisha kifua kikaanza kukoroma kama kiko cha maji, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na povu likamtoka pembeni mwa mdomo. Abasi alisema anaigiza. Sikuzani ndiye aliyetupa jembe. Akamwinua wifi yake kwa nguvu zote, akaona anarudi chini, akakaa nyuma yake na kumpa mgongo wake aegemee. Batuli akaegemea kwa uzito wake wote, wala hakujizuia.

Ilichukua muda pumzi kurudi. Iliporudi, alisema polepole, “Moyo unakugonga mgongoni, wifi? Huo haujapumzika tangu nizaliwe. Mwambie balozi auandike mvivu.”

Sikuzani alikuwa akilia. Batuli hakumwonea huruma hata chembe.

“Na mito yangu niikute kitandani kabla ya adhuhuri.”

Sikuzani alitaka kuifuata, lakini angeinuka, Batuli angeanguka chali. Wakabaki vilevile, mgongo kwa mgongo, watu wote wamemgeukia balozi, mpaka Abasi mwenyewe akakunja orodha yake, akaitia kwapani, na kushika njia ya kwenda chekechea.