Boneti Lilikuwa la Moto

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi pale Isaka, mwanangu, niliegemea boneti la gari ambalo bado halikuwa letu, nikaruka kama niliyekanyaga kaa. Lilikuwa la moto. Na mwenye gari alikuwa ametoka kuapa, muda huo huo, kwamba limelala hapo tangu jana.

Tulia kwanza nikueleze. Wewe bado hujazaliwa, na wala sina haraka na wewe. Kwanza nimalize kidato cha nne. Lakini babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita Guku kwa Kisukuma, husema uzee si mvi, uzee ni kuumia mara moja na kukumbuka. Kwa kipimo hicho nami nimezeeka kidogo. Tena mimi ni mtu wa aibu. Mgeni akija najificha jikoni, na darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua naangalia dawati. Nasaha zangu siwezi kusimama nikazisema, ndiyo maana naziandika kwenye daftari hili, uje uzikute.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo kule Bulyanhulu. Mgongo ulipoanza kumsumbua, akaamua kuacha kushuka mashimoni, anunue gari la mtumba afanye mchomoko, yaani yale magari madogo yanayobeba abiria kati ya Kahama na migodini. Ili fedha ipatikane, ng'ombe wanne wa Guku waliuzwa, wakabaki watatu. Guku hakukataa. Alichoomba ni kimoja tu, aende naye kulitazama hilo gari.

Baba alicheka. "Mzee, gari halina meno ya kukagua."

"Kila kinachouzwa kina meno," Guku akajibu. "Wewe hujui tu mdomo wake uko wapi."

Guku ni mtu wa minada. Enzi zake watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali awachagulie ng'ombe. Aliwahi kunieleza kwamba wauzaji wengine humlambisha ng'ombe chumvi, kisha wakamwacha anywe maji mpaka tumbo linakuwa kama ngoma. Mnunuzi akimwona anadhani ameshiba majani. "Ng'ombe wa kununua mtazame alfajiri, kabla hajanywa," alisema. "Akishakunywa, unanunua maji."

Basi baba hakutaka kuonekana Isaka na mzee mwenye fimbo ya kuchungia akizunguka gari. Nikatumwa mimi. "Minza, nenda uwe macho yangu," Guku aliniambia. "Ukiona jambo la kukushangaza, lisemee pale pale. Usiniletee nyumbani. Nyumbani halitakuwa na kazi."

Muuzaji alikuwa kaka mmoja mwenye miwani ya jua, anazungusha funguo kidoleni. "Bosi, hili ni kuweka mafuta na kumshukuru Mungu. Limelala hapa tangu jana, sikiliza linavyoamka!" Ndipo nikaegemea boneti, nikaruka.

"Vipi binti, gari limekung'ata?" akanicheka. "Bosi, mwanao ana aibu, hata gari analionea haya!"

Wapakiaji wa malori waliokuwa karibu wakacheka wote. Uso ukaniwaka kuliko lile boneti. Baba akanigeukia: "Minza, kuna nini?"

Nikasema, "Hamna kitu."

Maneno mawili, mwanangu. Sijawahi kusema maneno ya ghali kama hayo. Yule kaka akageuza funguo, injini ikanguruma taratibu kama paka aliyelala kifuani kwa mtu, na baba akatabasamu. Nyumbani Guku akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia gari ni zuri. Alinitazama kidogo, akaendelea kusuka kamba yake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wangu ulianza mdogo mdogo. Kila asubuhi gari lilikataa kuwaka mara ya kwanza na ya pili, likikubali linatoa moshi wa bluu na kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayepiga hodi kwa fundo la kidole. Likipata moto linanyamaza. "Ni baridi tu," baba alisema, na mimi nikajua si baridi, nikanywa chai yangu. Oili ilikuwa inapungua na hakuna aliyeipima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kabla mwezi haujaisha, njiani kuelekea Bulyanhulu na abiria ndani, injini ilipiga kishindo ikazima. Bibi mmoja aliyepakata kuku akasema, "Dereva, turudishie nauli. Kama ni kutembea, hata kuku wangu anaweza."

Gari likavutwa hadi gereji ya fundi Shija. Nilikuwepo, nimempelekea baba chakula.

"Nilidhani ni ringi tu, Baba Minza," fundi akasema, mikono myeusi hadi viwikoni. "Nimefungua, nikakuta silinda zimelika, pistoni zinacheza ndani. Nikashuka chini, nikakuta krenki nayo imechunika."

"Na ukishuka zaidi?"

"Nikishuka zaidi nitakuta ardhi."

Hata baba alicheka, kicheko cha mtu aliyefiwa. Fundi akaeleza kwamba hilo gari lilinyamazishwa kabla ya kuuzwa. Waliweka oili nzito kama uji wa mtama, na kabla mnunuzi hajafika wakaliwasha lipate moto, maana likiwa la moto kule kugonga hakusikiki. "Ungelikuta baridi, lingekwambia lenyewe," alisema. Mimi nikashika bakuli la chakula kwa mikono miwili lisianguke.

Kulitengeneza sawasawa kulihitaji ng'ombe wawili kati ya wale watatu. Baba akauliza kama linaweza kufungwa kwa beringi za bei ya chini, na oili nzito ile ile. Fundi akamtazama. "Linaweza. Litatembea wiki chache. Baada ya hapo usiniulize."

"Lifunge hivyo."

Baba yangu si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, na aibu ya kumwambia Guku kwamba ng'ombe wengine wawili wanakwenda ilimzidi. Akapata mnunuzi, Mama Kulwa wa Chato, mfanyabiashara wa dagaa aliyechoka kulipia mizigo yake kwenye mabasi. Hilo gari likiuzwa, ng'ombe watatu wangebaki zizini. Lisipouzwa, angebaki mmoja.

Asubuhi ya mgeni kufika, baba akanipa funguo bila kunitazama usoni. "Liwashe lipate moto, halafu uzime. Akija, gari limelala tangu jana."

Nikageuza funguo. Ko-ko-ko. Moshi wa bluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Kadiri lilivyopata moto ndivyo lilivyonyamaza, na mimi nikajiona nimeshika ndoo ya maji mbele ya ng'ombe aliyelambishwa chumvi.

Saa nne Mama Kulwa akaingia na kifurushi kichwani. "Hodi wenyewe! Mwangaluka! Nimewaletea dagaa, msije mkasema watu wa Chato wachoyo." Nikamwamkia, akaitikia marahaba mara tatu. Akazunguka gari, akaingia akakaa, akajirusha-rusha kwenye kiti. "Hela yenyewe ya upatu hii, Baba Minza. Zamu yangu imefika baada ya kuwasubiri wanawake wenzangu wote. Gari zima hili?"

"Zima kabisa. Limelala hapa tangu jana."

Maneno yale yale ya Isaka, kwa sauti ya baba yangu.

Guku akatoka zizini na fimbo yake. Akamsalimu mgeni vizuri, akamuulizia habari za Chato na samaki. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama anavyomwekea ng'ombe shingoni kutafuta homa. Akakiacha pale. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Minza. Nilikutuma Isaka uwe macho yangu, na jibu hukuniletea. Nakuuliza tena leo, mbele ya mgeni. Uliona nini?"

Jikoni palikuwa hatua sita tu, nilizihesabu. Baba alikuwa ananitazama, na wale ng'ombe watatu nao, nilihisi, wanasikiliza.

"Boneti lilikuwa la moto, Guku," nikasema, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtu mwingine. "Yule kaka alisema limelala tangu jana, lakini lilikuwa la moto. Kama... kama hili."

Mama Kulwa akaweka mkono wake, akauondoa haraka. "Heee! Baba Minza! Kwani hili lilikuwa limelala ndani ya jiko?"

Baba akaketi juu ya tairi bovu. Nilisubiri kofi. Badala yake akauliza polepole, "Isaka ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Na nilikuuliza."

"Ndiyo, baba."

Mwanangu, kofi lingeuma kidogo tu.

"Usimwonee," Guku akasema. "Wewe ulikataa macho yangu, yeye akaufunga mdomo wake. Kosa mmegawana. Ila nikuulize wewe mwanangu mkubwa: ulinyweshewa ng'ombe, sasa nawe unanywesha. Huyu mama akifika Chato, naye akamnyweshee nani?"

Mama Kulwa akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akasema gari lipoe kwanza, basi la kurudi ni jioni. Tukapika dagaa wake tukala pamoja naye, na sijawahi kula chakula kigumu kumeza namna ile. Saa kumi akaniita. "Wewe binti unayesema kweli, hebu liwashe."

Ko-ko-ko. Akaziba pua kwa kanga, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Asante. Nimelisikia." Akavaa viatu akaenda zake. Hakununua, na sikutegemea anunue.

Siku ya mnada Guku aliondoka na ng'ombe wawili alfajiri, kabla hawajanywa. Wakafika na matumbo yameingia ndani, na wanunuzi wakawapunguzia bei. Baba aliyekwenda naye alimsihi awanyweshe angalau kidogo, njia ilikuwa ndefu. Guku akamwambia watakunywa wakishalipiwa. Baba aliniambia haya mwenyewe, na aliponiambia hakuwa anacheka tena.

Fundi Shija alilifungua gari upya. Safari hii baba alikaa pale kila siku, kila kilichotolewa akakishika mkononi, kila kilichonunuliwa akakiona kabla hakijaingia. Sasa linatembea. Asubuhi, kabla ya shule, mimi ndiye ninayevuta kijiti cha oili, nakipangusa, nakizamisha tena na kusoma alama. Zizini yuko ng'ombe mmoja. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu wa nyumba hii nadhani unamjua.

Basi mwanangu, nikuachie ninayoyajua. Ukienda kununua gari lililokwisha tumika, nenda mapema, bila kumwambia mwenyewe saa, uweke kiganja kwenye boneti kabla ya kusikiliza maneno. Likiwa la moto, subiri lipoe, hata kama watu watakucheka. Wenye kucheka hawatakulipia fundi. Nenda na mtu anayejua, na kama anayejua ni mzee mwenye fimbo, mwache azunguke. Likianza kugonga, lipeleke kwa fundi zikiwa ni ringi tu zilizoharibika, usingoje krenki. Na usitumie mpaka senti ya mwisho siku ya kununua, kwa sababu gari la mtumba huja na deni la mtu mwingine tumboni. Likikukuta hilo deni, liishie kwako. Usimtwishe Mama Kulwa.

Na kubwa kuliko yote: mkono wako ukigusa moto, usiseme hamna kitu. Sema kuna kitu, hata kwa sauti ndogo. Sauti ndogo inatosha, mimi nimeijaribu.

Mungu akupe macho ya Guku na mdomo nilioupata nikiwa nimechelewa. Wanaokuuzia wakukute umeamka, na wanaonunua kwako walale bila wasiwasi. Na kila asubuhi ya maisha yako, kabla mtu yeyote hajakupasha moto, uwake mara ya kwanza, bila moshi, bila kugonga.