Mama Vibanio na Kamba Zinazosubiri

Ni saa moja kasorobo asubuhi. Mafundi wanaingia saiti mmoja mmoja, wengine bado wanatafuna kifungua kinywa. Katika kibanda cha mabati kando ya lango, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja amesimama mbele ya ukuta, mkono kiunoni, kichwa kimeinama upande. Midomo inamcheza kama mtu anayehesabu.

Ukuta wenyewe ni wa kushangaza. Umejaa vipande vya karatasi vilivyokatwa kwenye mifuko ya saruji, kila kimoja kimeandikwa kazi moja kwa mkaa: plasta, nyaya, mabomba, dari, rangi, sakafu, vitanda. Vimeshikwa kwa vibanio vya nguo, na kati yao zimepita kamba za katani kutoka kimoja hadi kingine. Mgeni akitupa jicho mara ya kwanza atadhani mtu ameanika nguo akasahau kuzianua.

“Soma kwa kufuata kamba,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Kamba ikitoka hapa ikaenda pale, maana yake pale panasubiri hapa. Basi. Hakuna uchawi.”

Hapa saiti hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa wote ni Mama Vibanio.

Jengo lenyewe ni bweni la wasichana. Wanafunzi tisini na sita wamelala kwenye madarasa mawili muhula mzima, magodoro yamebanana hata pa kukanyaga hapaonekani. Shule inafunguliwa baada ya siku kumi na moja, na jana jioni ilikuja habari mbaya: vioo vya madirisha vimechelewa. Vitafika baada ya siku tano.

Mwandishi alipouliza siku tano zina ubaya gani, Mama Vibanio alimpitishia kidole juu ya kamba. Rangi inasubiri vioo. Sakafu inasubiri rangi. Vitanda vinasubiri sakafu. Ukijumlisha, vitanda vinaingia siku ya kumi na nne.

“Siku tatu shule imefunguliwa, watoto wako nje,” anasema. “Na mimi niko nje nao.”

Hilo la mwisho si mzaha. Kwenye daftari la kampuni bado ameandikwa msuka nondo, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa: kukata vyuma, kuvikunja, kuvifunga kwa waya, mgongo umepinda kutwa. Miaka mitatu iliyopita mgongo ulikataa. Daktari alimwambia pingili mbili zimesagika na akamkataza kuinua chochote kizito kuliko ndoo ya maji.

“Nikirudi kwenye nondo nitaenda kazini kwa miguu na kurudi natambaa,” anasema, kisha anacheka peke yake.

Ukuta huu ulizaliwa siku za maumivu hayo. Alikuwa amekaa kwenye tofali katika jengo jingine, akipumzisha mgongo, akimwangalia fundi wa plasta akilainisha ukuta hadi ukang’aa. Kesho yake fundi umeme akaja na tindo, akauchimba kupitisha nyaya. Plasta ikarudiwa. Keshokutwa fundi bomba naye akaja na tindo yake.

“Ukuta mmoja ulipigwa plasta mara tatu! Nikauliza, jamani, hawa wawili kwa nini wasitangulie? Wakanicheka. Wakasema mama, wewe pumzika.”

Hakupumzika. Alichana mfuko wa saruji, akaokota mkaa, akaazima vibanio nyumbani kwake mwenyewe. Nguo za familia zilikaa wiki nzima zikianikwa juu ya ua.

Si kwamba hakosei. Kwenye kona ya ukuta kimepigiliwa kipande cha dari kilichovunjika. Hapa hapa, mwezi uliopita, alifunga kamba zake zote vizuri, dari ikapigwa, ikapendeza. Ndipo likaja tangi la maji la kupandishwa juu ya dari. Tundu lilikuwa la kupita mtu. Tangi ni la kupita ng’ombe. Dari ya chumba kizima ikashushwa.

“Nilitamani ardhi inimeze,” anasema. “Nilijua tangi linasubiri dari iwe na mbao za kulibeba. Sikujiuliza dari nayo inasubiri nini. Nimekipigilia pale kinitazame kila asubuhi.”

Saa moja na robo anaingia fundi rangi, mwanamume wa makamo mwenye kofia iliyokwisha kuwa na rangi zote za dunia. Amesikia habari ya vioo na tayari amevaa nguo za kurudi nyumbani.

“Shikamoo mama. Basi sisi tunaonana baada ya siku tano.”

“Marahaba baba. Hebu kaa kwanza. Rangi inasubiri vioo kwa nini?”

“Vumbi, mama. Dirisha wazi, rangi mbichi, vumbi linaganda.”

“Likiganda kwenye mkono wa kwanza wa rangi, lile tabaka la chini, unafanyaje?”

“Napiga msasa.”

“Na lisipoganda?”

Fundi anajikuna chini ya kofia. “Napiga msasa vilevile. Lazima, ili mkono wa pili ushike.”

“Kwa hiyo msasa upo, vumbi liwepo lisiwepo.”

Fundi anamtazama mwandishi kama vile mwandishi ndiye aliyemchongea. “Mwalimu wangu alinifundisha vioo kwanza,” anasema hatimaye.

“Mwalimu wako alikufundisha vizuri, ila alikuwa anasema mkono wa mwisho.”

Mama Vibanio anafungua kamba moja, anachukua kipande cha karatasi chenye neno rangi na kukichana katikati. Sasa ni kazi mbili. Mkono wa kwanza wa rangi hausubiri tena chochote: unaanza leo Jumatano, unamalizika kesho, Ijumaa unakauka. Sakafu inafuata siku tatu, itafunikwa kwa mifuko ya saruji isidondokewe na rangi. Vioo vikitoka safarini vinakuta kila kitu tayari, unapigwa mkono wa mwisho, na vitanda vinaingia siku ya tisa. Siku mbili za akiba.

Fundi rangi anaanza kufungua vifungo vya shati lake safi. “Na mke wangu nimeshamwambia narudi,” ananung’unika.

Mwandishi alitaka kujua siku hizo zilizookolewa zimetoka wapi, maana vifaa havikuongezeka wala watu hawakuongezeka. Mama Vibanio alilijibu swali taratibu, kama mtu aliyelifikiria kwa muda mrefu.

“Kila kamba naiuliza swali moja: nikikukata, nini kitaharibika? Huwezi kupaua kabla ya kusimamisha kuta, hiyo ni kamba ya kweli. Lakini ukiniambia ndivyo tulivyozoea, hiyo ni kamba ya mazoea. Zinafanana kwa macho. Ndiyo maana watu wanasubiri vitu ambavyo haviwasubirishi.”

Injinia wa saiti, kijana anayeweza kuwa mwanawe, anayo kompyuta inayochora mambo hayo hayo kwa mistari ya rangi. “Tofauti ni moja,” anasema. “Kompyuta inaamini kila ninachoiambia. Mama haamini.”

Ni injinia huyo aliyepeleka jina lake makao makuu ya kampuni, apewe kazi ya kupanga ratiba kwenye jengo linalofuata. Jibu lilirudi likiwa fupi: bweni likabidhiwe kwa wakati, na mhusika awe amejiandikisha kusomea cheti cha kazi hiyo chuoni. Asiyejiandikisha atarudi kwenye kazi yake ya daftarini. Chuo kinafundisha jioni tatu kwa wiki, mwaka mmoja, na kinapokea kwa uzoefu hata aliyeishia darasa la saba. Uandikishaji unafungwa Ijumaa hii, saa kumi.

“Nimemwambia tangu mwezi jana,” injinia anasema. “Kila nikimuuliza ananijibu anasubiri.”

Anasubiri nini? Jibu liko nyumbani kwake, vyumba viwili na jiko, ambako mwandishi alialikwa chai jioni ile. Nyuma ya mlango wa jiko kuna ukuta mwingine, mdogo. Kipande kimoja kimeandikwa “Mtoto amalize shule”. Kamba inatoka hapo hadi kipande cha mwisho, kilichofifia: “Chuo”.

Mtoto mwenyewe, binti kitindamimba wa miaka kumi na sita, alikuwa mezani na madaftari yake. Bado miaka miwili amalize. Alisikia mazungumzo yote kisha akauliza bila kuinua kichwa.

“Mama, hiyo ukiikata, nini kitaharibika?”

“Nani atapika?”

“Mikono ninayo.”

“Na masomo yako?”

“Nitasoma ukiwa darasani. Hapo ndipo hutakuwepo wa kuniita kila dakika.”

Mama Vibanio alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akakaa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

“Naogopa,” alisema. “Nitaketi na watoto wa watu, mwalimu aniulize, nikose. Naogopa sana. Nimeufunga woga wangu ukutani, nikauandika jina lako.”

Binti aliinuka, akasogeza kiti mlangoni ili mama yake asilazimike kunyoosha mgongo.

Mama Vibanio alipanda, akafungua fundo. Lilikuwa limekaza kwa miaka, akalitumia meno. Kipande cha “Chuo” akakihamishia mwanzoni kabisa mwa ukuta, akakibana peke yake, hakuna kamba inayoingia.

“Ijumaa saa nane natoka saiti,” alisema. “Rangi itakuwa inakauka. Hainihitaji.”