Mama Hutoka Mara Tatu

Kila asubuhi Mama hutoka nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza hufika kwenye ngazi, akakumbuka jiko, akarudi kulipapasa kama limezimwa. Mara ya pili hufika getini, akarudi kutikisa kufuli la stoo. Ya tatu hurudi kutuangalia tu, akatuhesabu kwa macho, kana kwamba usiku tumepungua. Ndipo huenda hospitali, anakofua mashuka. Miaka minane hakuchukua likizo; aliogopa kwamba asipokuwepo, ile mashine ya kufulia inayotikisika itamng'ata mtu.

Mwaka huu mkubwa wake alimlazimisha. Siku nne. Mama akachagua ziwani, akaone maji mengi asiyotakiwa kufulia kitu.

Tiketi alikata Baba. Baba ni fundi saa, na saa zote za nyumbani amezigeuza zionyeshe tunavyotamka: ikiwa saa mbili, mshale uko kwenye mbili. "Kuona nane ukatamka mbili," husema, "ni kumchosha mtu bure."

Tiketi ziliandikwa 8:00.

Tulifika kituoni saa sita na nusu mchana. Baba akajishika kiuno. "Nani alisema sisi ni watu wa kuchelewa?" Mama aliniuliza kwa mara ya tatu kama nimefunga dirisha la jikoni. Nilikuwa nimelifunga, lakini alivyouliza, na mimi nikaanza kuwa na shaka.

Karani akazisoma tiketi, akamtazama Baba. "Mzee, basi hili limeondoka asubuhi. Saa mbili."

"Imeandikwa nane!"

"Ndiyo. Saa mbili."

"Saa mbili," akarudia mdogo wangu, tunayemwita Kasuku.

"Wewe, nyamaza," Baba akamwambia.

"Wewe, nyamaza," akasema Kasuku.

Baba akatoa saa yake mfukoni, akaiweka sikioni.

"Lingine je?" Mama akauliza.

"Lile pale, linaondoka sasa hivi. Limebaki na kiti kimoja. Baada ya hapo ni keshokutwa."

Keshokutwa likizo ingekuwa imebaki nusu. Na wenye nyumba kule ziwani walishasema: msipofika leo, chumba tunampa mwingine.

"Turudi nyumbani," Baba alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mama watoto. Mwakani..."

"Mwakani," alisema Mama. Alikuwa ameivua kanga mabegani na anaikunja, pembe kwa pembe, kama shuka la hospitali. Akiogopa, mikono yake hukunja chochote. Akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kitabu. Kisha akamgeukia karani.

"Hicho kiti kiko dirishani?"

"Dirishani kabisa, mama."

Akachukua begi lake.

"Unakwenda wapi?" Baba akashtuka.

"Likizo."

"Na sisi?"

"Jiko mnajua lilipo."

Akatoka. Baba akaushika mlango wa ofisi ya tiketi, akauacha wazi. "Anarudi huyu," alituambia. "Mnamjua."

Kwenye ngazi ya basi Mama alisimama, mkono kwenye chuma, shingo imeanza kugeuka. Kama angegeuka akatuona tumejipanga pale, asingepanda tena.

"Dirisha nimefunga, Mama!" nikapiga kelele.

Shingo ikarudi mbele. Akapanda.

Basi likarudi nyuma, likapiga honi, likapinda kona.

"Mnamjua," akasema Kasuku.

Baba bado alikuwa ameushikilia mlango.