Corbin, Mpigaji Tuliyemnyamazia

Jirani yangu Lorene aliwahi kuniuliza swali mlangoni mwa kanisa, ameshika bakuli lake la saladi ya viazi: "Hivi mtoto akikosa, tumsalimie au tupite tu?"

Alikuwa anamsema Corbin Kucera, ambaye tulimwona amejikunyata kwenye gari la baba yake akisubiri wazazi watoke. Ijumaa iliyotangulia Corbin aliupiga mpira ukaenda nje ya milingoti, tukafungwa na watu wa mji wa Dorrance, na tangu saa ile mji mzima ulikuwa haujamsemesha. Si kwa hasira. Tulidhani tunamhurumia.

Corbin ni mtoto wa Milo na Janelle, wale wenye mahindi upande wa pili wa maghala ya nafaka. Siku hizi anapiga mpira chuoni na tunamwona kwenye runinga, lakini mimi namjua tangu darasa la Jumapili, alipokuwa akimsumbua mwalimu ataje ni nani aliyekuwa akizoa mavi kwenye safina ya Nuhu. Mtoto huyu Mungu alimpa mdomo. Anakula anaongea, anavua viatu anaongea. Janelle alikuwa akisema kwamba nyumbani kwao redio iliharibika na hakuna aliyegundua.

Mwili wa mpira wetu hakuwa nao. Mpira wa hapa kwetu Nebraska, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi, unataka vijana wenye shingo nene, wa kugongana na kulaliana, na yeye alikuwa mwembamba kama mpini wa reki. Kwa hiyo alijiunga na bendi ya shule, akapewa tarumbeta ile ndefu ya kuvuta na kusukuma. Ila jioni, kazi za shambani zikiisha, alikuwa na mchezo wake wa kupiga mpira mkuukuu uruke juu ya lile bomba refu la kumwagilia linalotembea kwa magurudumu. Milo alimwona mara nyingi na wala hakuutilia maanani.

Halafu mpigaji wa timu akateguka kifundo cha mguu. Kocha Haverkamp akamjaribu Dutton Brandt, kijana mkubwa wa mstari wa mbele, mwenye mguu kama gogo. Dutton aliupiga mpira kama mtu anayefungua kwa teke mlango wa ghala uliokwama, ukampata mgongoni mwenzake mwenyewe. Uwanja mzima tulicheka, Mungu atusamehe. Vijana wa bendi ndio waliopiga kelele kutoka jukwaani kwamba Kucera anaweza, na wiki iliyofuata Kocha akamwita amwone. Akaweza kweli.

Kazi hiyo hufanywa na watu watatu. Mmoja anaurusha mpira nyuma kwa kupitisha katikati ya miguu yake, wa pili amepiga goti anaudaka na kuusimamisha kwa kidole, wa tatu anaupiga upite kati ya milingoti miwili. Huyo wa pili, wa kuusimamisha mpira, alikuwa Wade Sindelar, mtoto wa wafuga ng'ombe, ambaye maneno yake ya mwezi mzima Corbin angeyamaliza kabla ya kifungua kinywa.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa raha. Wale wa mstari wa mbele walikuwa wakimtania kwa sababu jezi yake hairudi na tope.

"Wee Kucera," Dutton alimwambia siku moja mbele ya watu, "hiyo jezi mama yako anaifua au anaikunja tu?"

"Anaikunja tu. Mtu mwenye akili haendi uwanjani kulala chini."

Alikuwa anakaa na bendi hadi Kocha amwite, anashuka akiwa bado anabishana na wapiga ngoma, anapiga, mpira unapita, anarudi kumalizia ubishi. Wakati wa mapumziko, wenzake wakiingia kunywa maji, yeye anachukua tarumbeta na kuandamana na bendi akiwa bado na jezi na yale mabega ya plastiki ya kujikinga. Watu waliipenda sana hiyo.

Tatizo lilianza tulipomthamini. Katika mpira wetu kuna mwiko: mpigaji hasemeshwi kabla ya kupiga. Wanasema maneno yanaharibu mguu. Mwaka wa kwanza hakuna aliyejali, maana alikuwa mtoto wa bendi tu. Mwaka wa pili, magazeti ya mkoa yalipoanza kumtaja, mji mzima ukaushika mwiko kwa mikono miwili. Kocha akamtoa kwenye bendi, akamkalisha mwisho wa benchi na kuacha nafasi tupu pembeni yake. Ijumaa asubuhi wazee wanaokunywa kahawa pale kwenye kituo cha mafuta walikuwa wanashusha macho kwenye vikombe akipita. Mwalimu wa hesabu hakumwuliza swali. Akifungua mdomo, mtu anaweka kidole midomoni, kwa upendo kabisa. Ukifika wakati wa kupiga, hata watoto wachanga walikuwa wananyamazishwa.

Akaanza kukosa. Na kila alipokosa tulizidisha kimya, tukidhani hakikutosha. Ndivyo tulivyofika kwenye ile mechi ya Dorrance, na ile Jumapili.

Kulikuwa na jambo kubwa lililomkabili. Ijumaa iliyokuwa inakuja, mtu kutoka chuo cha jimbo angekuja kumwangalia, na familia ya Kucera isingeweza kumsomesha bila ile nafasi ya kusoma bure ambayo chuo huwapa wachezaji. Lakini Janelle alinidokeza jikoni kanisani kwamba kijana anataka kurudisha jezi. Alikuwa ameacha kuongea hata nyumbani. Milo, ambaye miaka yote alikuwa akimwomba mwanawe apumzishe mdomo, sasa alikuwa anazunguka meza akitafuta la kumwuliza.

Nilimjibu Lorene kwamba sijui, nitaliombea. Akasema hata yeye ataliombea, ila pia atamwuliza mtoto mwenyewe.

Alhamisi akina mama wa kanisa huwalisha wachezaji: supu nzito ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini pembeni, maana kwetu hivyo viwili havitenganishwi. Corbin alikaa mwisho wa meza. Chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa karatasi, na jezi ilikuwa inachungulia. Lorene akaenda na upawa wake mkononi, akasimama mbele yake.

"Kucera, mwanangu, ilikuwaje ukakosa?"

Vijiko vilisimama. Kocha alikohoa. Dutton akatazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

Corbin aliweka mkate chini. "Bibi," akasema, "wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Hapo yakafunguka. Alieleza upepo, alieleza nyasi zilivyolowa, alieleza mguu wa kushoto unavyotakiwa kukaa, na supu ya watu ikapoa. Kisha akasema kwamba vyote hivyo si kitu, kinachomshinda ni kile kimya. "Mkinyamaza naanza kuufikiria mguu, na nikishaufikiria unakuwa kama wa mtu mwingine. Halafu baada ya mechi mnaendelea kunyamaza. Nikadhani mmenichoka."

"Tulikuwa tunakuheshimu, bwana," Dutton akasema.

"Basi punguzeni."

Walicheka mpaka mtu akamwaga maziwa. Kocha Haverkamp alipita nyuma yake, akausukuma ule mfuko ndani zaidi chini ya kiti kwa ncha ya kiatu, akamwambia kesho asichelewe. Mimi niliingia jikoni kufuta macho kwa taulo la vyombo.

Ijumaa ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Karibu na mapumziko Corbin akaitwa kupiga, kutoka mbali kuliko nilivyopenda. Alipojipanga tu, kocha wa wageni akasimamisha saa. Huo ni ujanja wao wa kumwacha mpigaji asimame pale aive kwa mawazo. Na sisi, kwa mazoea mabaya, uwanja mzima tukanyamaza. Nilimwona Janelle amefunika uso kwa glavu. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo.

Ndipo tukamwona Wade Sindelar anasogea na kufungua mdomo. Baadaye Corbin alitusimulia alichoambiwa.

"Ng'ombe wetu kazaa jana," Wade alisema. "Mapacha."

"Mapacha? Mmewaitaje?"

"Dutton na Dutton."

Filimbi ilipolia Corbin alikuwa bado anacheka, na mabega yake yanatikisika. Alikimbia akaupiga huku anacheka, na mpira ukapita katikati, juu kabisa. Hakwenda kwenye benchi. Alikimbilia bendi, akamnyang'anya tarumbeta yake mtoto aliyekuwa ameishika, na Kocha akamwacha. Ushindi wenyewe ulikuja kipindi cha pili, kwa jasho la akina Dutton.

Yule mgeni wa chuo alimfuata baada ya mechi. Hakumwuliza umbali wala uzito. Alimwuliza alikuwa anacheka nini, na Corbin alimweleza kwa kirefu, akaanzia kwa babu wa Wade na ng'ombe wake wa kwanza. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, na kabla majani hayajaanza kuchipua nafasi ya chuo ikapatikana. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka, mchungaji aliuliza kama kawaida ni nani mwenye ombi la kuombewa. Corbin alisimama. Janelle aliangalia saa, akijua tutachelewa chakula. Lakini kijana alisema kidogo tu:

"Naomba mniombee safari na masomo. Na huko nikikosa, msininyamazie. Nipigieni simu mniulize ilikuwaje."