Kinu cha Nani?

Shule niliiacha mapema, lakini kwa kusikiliza maneno ya watu kwenye basi hakuna wa kunishinda. Juzi, tukitoka Wembley, mbele yangu alikaa mama wa Kizanzibari. Binti yake alisimama pembeni na kijana wa Kiholanzi anayetaka kumposa.

"Huyu Van der Molen, jina lao lina maana gani?" mama akauliza.

"Wa kwenye kinu, mama. Kile cha upepo, cha kusagia ngano."

Mama akakunja uso. "Kinu chao wenyewe, au wakikaa jirani tu?"

Binti akamuuliza mwenzake, kijana akapandisha mabega. "Hajui, mama. Anasema labda babu yao alikuwa akifagia unga."

Mama akamkagua kijana kuanzia viatu mpaka nywele. Nikasema moyoni, posa imekufa hiyo. Kumbe mama anasogea dirishani.

"Mwambie akae. Wote waliokuja kukuposa babu zao walikuwa na mashamba ya karafuu. Sasa hizo karafuu alizichuma nani?"

Nikainamia simu yangu haraka. Babu yangu naye alikuwa na shamba, ama ndivyo ninavyowaambia wasichana.