Jiko la Pili

Siogopi watu, ila namba ikinifurahisha siku hizi naingiwa na hofu. Zamani sikuwa hivyo. Ugonjwa huu niliupatia ugenini, mtaa wa Kamwokya, katika ofisi yetu ya utafiti iliyo juu ya duka la vipuri vya pikipiki, asubuhi moja ya Alhamisi. Kesho yake mkurugenzi alikuwa apeleke ripoti kwa wafadhili.

Kazi yetu ilikuwa kukadiria kipato cha kaya ya katikati katika wilaya moja ya mashambani, raundi moja kila baada ya miaka michache. Unazipanga kaya zote ulizozihoji, kuanzia ya fukara kabisa hadi ya mwenye lori, kisha unainyooshea kidole iliyo katikati. Nilikipenda kipimo hicho. Tajiri mmoja anaweza kuuvuruga wastani, lakini kaya ya katikati haibabaishwi na tajiri. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wageni, kwa mbwembwe zote.

Raundi hii ilikuwa imepanda sana. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Ripoti ile ikipita, wilaya ingehesabiwa kuwa imejikwamua, na uji wa mchana ambao wafadhili walikuwa wakiwapa watoto shuleni ungehamishiwa kwingine.

Asubuhi ile nilimwita mdodosaji wetu nimkaripie. Ni binti wa polisi kutoka kaskazini, amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha huko huko kambini.

"Fomu zako zinajirudia," nikamwambia. "Bwana yule yule, mara tatu. Unataka ulipwe mara tatu? Nimeziunganisha, lakini safari nyingine sitakufichia."

"Umeunganisha namna gani, madamu?"

"Nimejumlisha vipato vyao. Bwana mmoja, kaya moja."

Akashika kichwa. "Banange! Bwana iko moja, lakini jiko iko tatu. Kila bibi nalima yake, napika yake. Hata chumvi ya bibi mukubwa haiendi kwa ile ingine."

Ukurasa wa kwanza wa dodoso unasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Niliujua kwa moyo. Lakini mimi ni Mkenya niliyelelewa na mama wa kanisa. Kwetu baba alikuwa mmoja, mama mmoja, chungu kimoja, na nilipoona jina la mume likirudi niliona wizi tu. Wilaya nzima nilikuwa nimeisafisha hivyo. Majiko matatu ya maskini niliyageuza kaya moja yenye nafuu. Raundi iliyopita, kabla sijaajiriwa, kila jiko lilihesabiwa peke yake. Kwa hiyo wilaya haikuwa imepanda popote. Ni mimi niliyeipandisha, nimekaa kwenye kiti.

Kibali changu cha kazi kilitegemea ofisi ile. Bila ofisi hakuna kibali, na bila kibali sina chumba changu cha kupanga kule Mengo wala mwanangu hana shule. Niliogopa.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

Ndiyo, hilo ndilo lililonitoka kwanza. Naliandika kwa aibu.

"Mimi tu."

Nikawaza. Raundi ijayo kipato kingeonekana kimeshuka, na tungesingizia ukame. Nani angefukua? Nadhani aliyasoma yote hayo usoni mwangu, maana alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Madamu, mimi nilizaliwa jiko ya pili. Baba alikuwa na mushahara ya polisi, yote inaenda kwa mama mukubwa. Kwa karatasi yako, mimi nilikula." Akanitazama. "Mimi hapana kula."

Niliinuka. Kutoka meza yangu hadi mlango wa mkurugenzi ni hatua chache. Nilimkuta anachagua karatasi ya jalada la ripoti.

"Namba si ya kweli," nikasema. "Kosa ni langu, si la mdodosaji."

"Nyabo," akaniita bibi kwa lugha yao, "unajua unachosema?"

"Najua."

Akaiweka chini karatasi ya jalada, akasema niitengeneze kabla ofisi haijafungwa. Tuliketi wawili, yeye akisoma fomu, mimi nikirudisha kila mke kwenye jiko lake. Kila tulipotenganisha, kaya ya katikati iliteremka. Mwishowe ikatua karibu pale pale ilipokuwa raundi iliyopita.

Uji ulibaki. Mkataba wangu haukuongezwa, na sasa nikimwona ofisa wa uhamiaji nahamia upande wa pili wa barabara. Watu wakiniuliza kilichotokea, nawaambia nilikosea hesabu. Si kweli, hesabu yangu ilikuwa sawa. Nilichofanya ni kumwandika mtoto mwenye njaa kwamba amekula.